Nairobi–New York: kilomita hazibadiliki, saa zina wenyewe

Ratiba ya kwanza ya safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York, iliyozinduliwa Oktoba 28, 2018, ilimwambia abiria aondoke Jomo Kenyatta saa 5:25 usiku na kutua John F. Kennedy saa 12:25 asubuhi. Ukihesabu kwa vidole unapata saa saba. Kurudi ilikuwa kuondoka saa 6:25 mchana na kutua saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili: saa 22 na nusu. Viwanja ni vilevile, ndege ni ileile, na hesabu zote mbili zinapotosha, kwa sababu kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji uliotajwa pembeni yake. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi yao na saa saba wakati wa joto. Ukirekebisha kwa zile saa nane za baridi, unapata muda halisi wa kukaa kitini: saa 15 kwenda, saa 14 na nusu kurudi.

Wengi wakishajua hilo huridhika. Mimi naona swali lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Umbali kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita 11,840 hivi, na ndege ya abiria ya kisasa hukata kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 13 na dakika kumi. Zile karibu saa mbili zilizozidi zimechukuliwa na nani? Na kwa nini kabla ya 2018 safari hiyohiyo, kati ya miji ambayo haijasogea hata shibiri moja, ilimla msafiri karibu siku nzima? Kilomita ni mali ya dunia na hazina mjadala. Saa zina wenyewe: upepo, mwinuko wa ardhi, wenye anga, wenye ndege, na wenye kalamu za kusaini mikataba. Hao wa mwisho ndio wanaotuhusu zaidi, lakini huwezi kuwadai haki yako kabla ya kujua nini ni cha maumbile na nini ni chao.

Tuanze na njia. Mtu akitazama ramani ya ukutani, ile ya darasani, atachora mstari ulionyooka kutoka Nairobi, ukate kaskazini mwa Kongo, Kamerun, Nijeria na Mali, utokee baharini pwani ya Mauritania, kisha uvuke Atlantiki kwa ulalo. Unaonekana mfupi, na sivyo ulivyo. Ramani hiyo imeilazimisha dunia ya mviringo ilale bapa, na katika kulazimisha huko nchi za mbali na ikweta zimevutwa zikawa pana kupita kiasi. Chukua tufe la dunia. Bana uzi kwa kidole juu ya Nairobi, uvute hadi New York, uukaze. Utaona uzi unakwenda kwingine kabisa.

Unaelekea kaskazini-magharibi tangu mwanzo. Unapita karibu na Gulu kaskazini mwa Uganda, unaingia Sudan Kusini, unagusa kona ambako Jamhuri ya Afrika ya Kati inapakana na Darfur, unakata Chad, kaskazini mwa Niger na kusini mwa Algeria, kisha unaliacha bara letu juu ya Moroko, si mbali na Marrakesh. Baharini unapita kwenye visiwa vya Azores vya Ureno. Halafu hutokea jambo linalowashangaza wengi: uzi unapanda hadi nyuzi 42 kaskazini, juu zaidi ya New York yenyewe iliyo kwenye nyuzi 40 na nusu, ndipo unapoanza kushuka kuelekea kusini-magharibi na kupita kisiwa cha Nantucket kabla ya kufika. Abiria anayetazama ramani ya skrini ya kitini, akaona ndege imepinda juu, hudhani rubani anakwepa mvua. Rubani yuko kwenye njia fupi kuliko zote. Ule mstari wa ramani ya darasani una kilomita zipatazo 12,190, yaani 350 zaidi, ambazo ni kama dakika 25 za kuchoma mafuta bure.

Hiyo ni njia ya hesabu. Ndege halisi huukaribia uzi huo siku moja na kuuacha siku nyingine, kwa kuwa anayepanga safari huanza kwa kuuliza habari za upepo.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa hili. Kutoka Maskati hadi Unguja bahari ni ileile mwaka mzima, lakini jahazi lililokuja na kaskazi lilingoja kusi ndipo lirudi, na miezi ya kungoja ilihesabiwa kuwa sehemu ya safari. Walikuwa na upepo wa omo, unaokipiga chombo usoni, na upepo wa tezi, unaokisukuma kutoka nyuma. Angani kanuni ni hiyohiyo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, mikondo ya upepo mkali huizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki, ikisababishwa na tofauti ya joto kati ya nchi za tropiki na ncha za dunia, pamoja na mzunguko wa dunia yenyewe. Wakati wa baridi ya kaskazini inaweza kuvuka kilomita 200 kwa saa. Ndege iliyotoka Nairobi haikutani nayo katika saa zake za mwanzo, kwani karibu na ikweta upepo wa juu ni mpole. Huanza kuihisi ikikaribia Moroko, na kuanzia hapo hadi Marekani upepo ni wa omo.

Chukua mfano wa siku ambayo upepo wa omo, ukiugawa njia nzima, ni kilomita 30 tu kwa saa. Saa 13 na dakika kumi zinakuwa 13 na dakika 36. Geuza ndege irudi, upepo huohuo uwe wa tezi, safari inashuka hadi saa 12 na dakika 45 hivi. Kati ya kwenda na kurudi umeshapata tofauti ya karibu saa nzima, na huo ni upepo wa kawaida. Februari 9, 2020, wakati kimbunga Ciara kilipokuwa kikiipiga Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita au saba. Haikuruka kwa injini mpya. Ilibebwa na hewa iliyokuwa yenyewe inakimbia.

Saa za ratiba pia hazihesabiwi kuanzia magurudumu yanapoiacha ardhi. Zinaanza ndege inaposukumwa kutoka mlangoni na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Humo mna foleni ya kuruka, mna mizunguko ya kusubiri kutua New York, mojawapo ya anga zenye msongamano mkubwa duniani, na mna dakika ambazo mashirika huongeza makusudi ili ndege ikichelewa kidogo ionekane imefika kwa wakati. Sioni ubaya wa dakika hizo. Mwenye kupokewa na ndugu aliyekodi gari heri aambiwe saa 15 afike kwa 14 na nusu kuliko kinyume chake.

Sasa tuje kwenye mwinuko, kwa sababu hapa Afrika Mashariki ina mzigo wake wa pekee. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kile cha John F. Kennedy kiko kando ya maji kabisa. Hewa ya Nairobi ni nyepesi: mabawa hupata kitu kidogo cha kushikilia, injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa inapaswa kukimbia mbali zaidi na kwa kasi zaidi kabla ya kunyanyuka, na ndiyo sababu mojawapo ya njia ya kurukia ya Nairobi kuzidi kilomita nne. Kuondoka saa tano usiku kuna faida zake nyingine za kibiashara, kama kuwakusanya abiria wa jioni kutoka Dar es Salaam, Entebbe na Kigali, lakini ubaridi wa usiku nao unasaidia chombo kupaa na mzigo wake.

Na mzigo huo si mdogo. Safari ilipozinduliwa, shirika lilitangaza kwamba kila upande ungehitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Boeing 787-8 hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi tani 228 hivi. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya uzito wa ndege inapoondoka inaweza kuwa mafuta, na sehemu ya mafuta hayo inachomwa kwa kazi moja tu: kuyabeba mafuta mengine. Ndiyo maana ndege haipandi moja kwa moja hadi kimo cha juu kabisa. Hupanda kwa ngazi, kila inapopungua uzito. Marubani wanne wapo kwa sababu binadamu hawezi kukesha saa 15 akiwa ameshika usukani; hupokezana, na wale wa zamu ya kupumzika wana vitanda vyao mbali na abiria.

Anayetaka ushahidi kwamba mwinuko hula saa aangalie Addis Ababa. Kiwanja cha Bole kiko mita 2,334 juu ya bahari. Kwa miaka mingi Ethiopian Airlines imekuwa ikipeleka ndege Washington kwa kutua njiani kuongeza mafuta, Dublin kwa vipindi fulani na Lomé kwa vingine, lakini kurudi inakuja bila kutua popote. Washington iko chini, hewa yake ni nzito, na upepo ni wa tezi. Miji ni miwili, umbali ni mmoja, safari ya kwenda ina kituo na ya kurudi haina.

Mpaka hapa tumezungumzia maumbile. Kuna saa nyingine ambazo hukatwa na kuongezwa na watu wenye vyeo.

Kila nchi inamiliki anga iliyo juu yake na hutoza ada kwa kila ndege inayopita. Inaweza pia kuifunga. Aprili 2023, vita vilipolipuka Khartoum, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria. Libya ilikuwa imeshaepukwa na mashirika mengi kwa miaka. Kisha Agosti 6 mwaka huohuo, siku chache baada ya mapinduzi ya Niamey, watawala wa kijeshi wa Niger wakaifunga anga yao pia, na kuifungua mwanzoni mwa Septemba. Tazama tena ule uzi wetu: Darfur, Chad, Niger. Kwa muda wa mwezi mmoja sehemu kubwa ya katikati ya Sahara ilikuwa ukuta, na safari kati ya Ulaya na nchi zilizo kusini mwake zikalazimika kuzunguka, nyingine kwa kiasi cha kilomita 1,000. Wafini wanaijua hali hii kuliko sisi. Kabla ya Februari 2022 walikuwa wakifika Tokyo kutoka Helsinki kwa saa tisa na nusu hivi, wakipita juu ya Siberia. Urusi ilipoifunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya, safari hiyo ikawa ya saa 13. Hakuna mlima ulioota njiani. Ni amri iliyotolewa, na abiria akalipa kwa saa zake.

Visiwa vya Azores navyo vinastahili kutajwa zaidi ya kupitwa tu. Ndege yenye injini mbili hairuhusiwi kuzurura popote baharini. Kila hatua ya njia lazima kuwe na kiwanja inachoweza kukifikia kwa injini moja ndani ya muda uliowekwa katika kibali cha shirika lake. Katika sehemu hii ya Atlantiki, kiwanja hicho mara nyingi ni Lajes, kwenye kisiwa cha Terceira. Agosti 24, 2001, ndege aina ya Airbus A330 ya Air Transat ya Kanada, ikitoka Toronto kwenda Lisbon, ilivujisha mafuta ikiwa katikati ya bahari, injini moja ikazima, kisha na ya pili. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake waliielesha ndege hiyo bila injini kwa takriban dakika 19, kilomita zipatazo 120, wakaitua Lajes usiku. Watu wote 306 walitoka hai. Abiria akiona ndege yake inapinda kidogo kukaribia visiwa badala ya kukata bahari tupu, dakika anazopoteza pale zina kazi, na mimi nazilipa kwa moyo mkunjufu.

Nimeanza na 2018, lakini safari za mbali za anga katika ukanda huu zina historia ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Februari 28, 1931, Imperial Airways ya Uingereza ilifungua huduma kutoka London hadi Mwanza. Ndiyo, Mwanza, kabla ya miji mingi mikubwa ya leo kufikiwa na ndege ya ratiba. Njia ilifuata Nile kupitia Kairo na Khartoum hadi Kisumu na Ziwa Viktoria, na sehemu yake ilirukwa na ndege za kutua majini. Januari mwaka uliofuata iliendelea hadi Cape Town, London hadi huko zikiwa siku zipatazo 11. Ndege ililala usiku kama binadamu. Ilihitaji mafuta, chakula na hali nzuri ya hewa kila baada ya mwendo mfupi, na vituo vya upande wa Afrika vilipangwa juu ya ardhi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza au iliyowatii.

Kwa Nairobi na New York, tarehe isiyosahaulika ni Septemba 1959. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alikuwa amezunguka Marekani kutafuta nafasi za masomo na nauli, akisaidiwa na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na ndege ya kukodi ikaondoka na wanafunzi 81. Mpango uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwavusha mamia. Wangari Maathai alikwenda na kundi la 1960 kusoma Kansas. Ndege za wakati huo hazikuweza kuvuka kwa pumzi moja. Zilitua na kuruka, zikatua tena, na kijana ambaye hajawahi kupanda hata treni alijikuta katika nchi kadhaa ndani ya siku mbili. Ukisoma kumbukumbu za wasafiri hao unaona kwamba kwao umbali ulikuwa na mwili. Waliuona ukipita dirishani, kituo kwa kituo.

Baadaye Pan Am ilifika Nairobi kwa kupitia vituo vya Afrika Magharibi, ikaacha. Miongo iliyofuata msafiri wetu alipitishwa London, Amsterdam, Zurich, halafu Dubai na Doha. Na kizuizi hakikuwa ndege tu. Nchi ambayo FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haijaipa daraja la kwanza la usalama haiwezi kuanzisha safari za ndege zake kwenda huko, hata iwe na ndege bora na marubani hodari. Kenya ilipata daraja hilo Februari 2017, baada ya kazi ndefu ya kurekebisha sheria, ukaguzi na mpangilio wa kiwanja chenyewe. Miezi 20 baadaye safari ikaanza. Saa nyingi ambazo msafiri alikuwa akizipoteza katika viwanja vya watu zilikombolewa na wakaguzi, wanasheria na mafundi ambao majina yao hayakutajwa siku ya uzinduzi, na ningependa wakumbukwe.

Zilikombolewa saa ngapi? Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,560 hivi, na Dubai hadi New York ni 11,020. Jumla unazidisha zaidi ya kilomita 2,700, ambazo ni saa tatu angani, na bado hujahesabu kungoja. Kupitia Amsterdam ni nafuu kwa kilomita, kwani nyongeza haifiki 700, lakini kungoja kuko palepale, na kwa abiria wetu kungoja kuna viza, kuna maswali, kuna foleni ya watu wa pasipoti fulani.

Hapo ndipo hesabu inapogusa watu. Yeyote anayepita viwanja vya Ghuba saa tisa usiku huwaona: bibi wa miaka 70 na ushee, kanga mabegani, bahasha ya plastiki shingoni yenye pasipoti na karatasi iliyoandikwa jina na simu ya mwanawe. Anakwenda kumlea mjukuu aliyezaliwa New Jersey, au anarudi. Hajui Kiingereza cha kutosha wala Kiarabu, milango imebadilishwa, treni ya ndani ya kiwanja inafunga milango kabla hajaamua apande au asipande. Kwa kijana, kubadilisha ndege ni usumbufu. Kwa mama huyu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, ngumu kuliko saa 15 za kukaa. Ndege inayomchukua Nairobi na kumshusha mahali mwanawe amesimama imemwondolea jambo ambalo hakuna ratiba inayoliandika. Naandika haya kwa sababu kila shirika linapopima kama njia ndefu inalipa, huhesabu viti na mafuta, na mama huyu hana safu yake katika jedwali.

Kwa haki, jedwali nalo halidanganyi. Ndege ya Kenya Airways ina viti 234. Njia ilianza ikiwa ya kila siku, na haikuchukua muda siku zikapunguzwa kwa msimu ambao abiria ni wachache. Mwaka 2020 korona ikaisimamisha, kisha ikarejea. Singapore Airlines, inayoendesha safari ndefu kuliko zote za ratiba zisizotua njiani, kilomita 15,349 kutoka Singapore hadi New York kwa zaidi ya saa 18, imeweka viti 161 tu katika ndege yake na haina daraja la kawaida kabisa. Wanalipwa na wenye fedha wanaonunua saa. Qantas inajiandaa kwa Sydney hadi London, kilomita 17,000 hivi, ilhali mbali kuliko kote duniani, kutoka upande mmoja hadi upande wa pili kabisa, ni kilomita 20,000. Mashirika hayo yanakaribia mwisho wa dunia, na wateja wao ni wale wanaoweza. Safari ya moja kwa moja inayobeba bibi mwenye kanga kwa nauli ya kawaida ni kazi ngumu zaidi kuliko kuvunja rekodi, na inastahili kuungwa mkono kwa kujazwa.

Atakayempeleka mzee wake asisahau mambo machache ya mwili. Kukaa saa 15 bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya ndani ya miguu, na hatari ni kubwa kwa wazee, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Asimame kila baada ya muda, anywe maji, na mwenye historia ya tatizo hilo amwone daktari kabla. Dawa za kisukari na presha zikae kwenye begi la mkononi, na ajue mapema atazinywa kwa saa ya wapi, kwa sababu saa nane za tofauti zinaweza kumfanya arudie dozi au airuke.

Lakini jambo linaloniuma zaidi liko karibu kuliko New York. Dar es Salaam hadi Dakar ni kilomita 6,650, kidogo zaidi ya nusu ya safari tuliyoieleza. Kwa Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania inayo tangu Julai 2018 na ambayo inaweza kuruka takriban mara mbili ya umbali huo bila kutua, ni chini ya saa nane. Mfanyabiashara anayekwenda huko leo huunganisha Addis Ababa au Nairobi na kituo kingine tena, au huzungushwa hadi Ulaya au Ghuba, na anaweza kutumia saa nyingi kuliko aliyekwenda Marekani moja kwa moja. Upepo hauna hatia hapa, wala Dar es Salaam haina mwinuko wowote wa kulaumu. Kiwanja cha Julius Nyerere kiko karibu na usawa wa bahari.

Ni kweli kwamba abiria wa Dar kwenda Dakar peke yao hawawezi kujaza ndege ya viti 262. Ila wangeijaza kama ndege hiyo ingeruhusiwa kushuka Abidjan, kushusha wa Abidjan na kuchukua wapya wanaokwenda Dakar, na ya Senegal ikaruhusiwa kufanya vivyo hivyo huku kwetu. Haki hiyo imo katika uamuzi uliofikiwa Yamoussoukro mwaka 1999, na soko moja la anga la Afrika lililozinduliwa Januari 2018, ambalo zaidi ya nchi 30 zimeahidi kujiunga nalo, lilikusudiwa kuutekeleza. Nchi nyingi bado zinatoa vibali hivyo kimoja kimoja, kwa mazungumzo ya wizara na wizara, zikilinda mashirika ambayo hayaendi huko wanakozuia wengine wasiende. Vibali vikitolewa, mtu wa Kariakoo jijini Dar es Salaam atapanda ndege asubuhi, atapita Abidjan bila kubadilisha kiti, na kwa kuwa Dakar iko nyuma yetu saa tatu, atafika jioni ya siku hiyohiyo na muda wa kumpigia simu mteja wake kabla duka halijafungwa.